Benchi la Wakatekumeni

Mume wangu Raimundi ni katekista wa kigango chetu huku Mbuji, na siku ile alikuwa anagombea uenyekiti wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha kahawa. Hayo mawili hayagombani, mtu anaweza kuwa vyote. Aliyeyagombanisha ni Mzee Hyera, ambaye kati ya siku zote za mwaka aliichagua asubuhi ya uchaguzi ndiyo azidiwe.

Nianze na huyu mzee, maana bila yeye hakuna habari. Mzee Hyera alikuwa mkatekumeni, mwanafunzi anayengoja ubatizo. Msicheke. Wenzake aliosoma nao mafundisho walibatizwa, wakaoa kanisani, wakazaa, na wengine tumeshawazika, yeye bado mkatekumeni. Hata makatekista waliomfundisha amewazika. Kila Jumapili anakuja na koti lake la kaki, anakaa benchi la nyuma kabisa, katikati ya watoto wa mafundisho, na watu wakienda mbele kupokea komunyo yeye anabaki pale anatazama migongo yetu. Katekisimu yote anayo kichwani. Mtoto akikwama jibu, mzee anamnong'oneza.

Kilichomzuia ni wake wawili. Mke mkubwa, Mama Kunigunda, ni Mmatengo wa hapa hapa. Mke mdogo, Mama Ottilia, ni Mnyasa wa ziwani, Mwanglikana, aliyepanda huku zamani kuuza usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Akakutana na Hyera sokoni, akawa hakushuka tena. Padri wa zamani alimwambia mzee, baki na mmoja, nikubatize Pasaka hii hii. Hyera akamjibu, "Padri, huyu nilimtoa kwao kwa heshima, na huyu nilimtoa kwao kwa heshima. Nimrudishe yupi?" Ikabaki njia moja, ambayo wazee wa namna yake wanaijua: asubiri kufa. Siku kifo chenyewe kitakapomtenga na wake zake wote, ndipo amwagiwe maji. Jina alishajichagulia, Tobias. Alikuwa anatuambia, "Mtaniita Tobias mkishaninyoosha."

Sasa oneni kazi ya katekista hapo. Akiwahi mno, mzee akabatizwa halafu akapona, basi tuna Mkristo mwenye wake wawili na mmoja lazima atoke, na kwa desturi ni mke mdogo. Akichelewa, mzee amekufa bila ubatizo alioungoja maisha yake yote. Jambo hilo lilimnyima Raimundi raha. Mara ya kwanza alipoitwa alikimbia na chupa ya maji ya baraka, akamkuta Hyera amekaa kitako anauliza nani anachinja kuku. Mara ya pili alikuwa ameshafungua kizibo, Mama Ottilia akajisimamisha kati yao, akasema, "Subiri, Katekista, pumzi yake ni nzuri." Ikawa kweli. Haikupita muda mzee alikuwa shambani anafyeka majani ya kutengenezea ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Kijiji kizima kilicheka.

Lakini siku hiyo ya pili Hyera alimshika Raimundi mkono. "Mwanangu, niahidi. Siku yenyewe uje wewe, uniulize maswali yote. Nimesoma mno mimi, siwezi kubatizwa bila kuulizwa." Raimundi akaahidi, nami nikiwa nimesimama pale, "Nitakuja, baba, hata niwe na jambo gani."

Jambo lenyewe likaja mwezi wa saba, kahawa inaiva na baridi imetushika. Raimundi alikuwa amekitaka kiti hicho miaka mingi, wala simlaumu. Ana kichwa, ana sauti, na upande wetu wa mlima haujawahi kutoa mwenyekiti hata siku moja. Wenzetu wanachongewa barabara ya kupitishia kahawa, sisi tunaahidiwa. Na mimi, msinione hivi, nilitaka kuitwa mke wa mwenyekiti. Asubuhi ile nilikuwa nimetia mkaa kwenye pasi nanyoosha shati lake jeupe, naye yuko na fulana anazunguka chumbani akijisomea hotuba kimoyomoyo, midomo inacheza.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Ottilia, kitenge kimelowa umande mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," tulisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Katekista, chukua maji, twende."

Raimundi aliniangalia. Nikajua anamwaza yule kuku.

"Mama, anakata roho?"

"Homa imempanda, kifua kinakoroma, tangu juzi hali kitu. Kama atakufa mimi sijui. Ninachokuambia, njoo umbatize leo."

"Mama, sheria unaijua. Nikimbatiza halafu akainuka..."

"Naijua kuliko wewe," alisema. "Twende."

Hapo ndipo Raimundi alipokosea, na kosa lenyewe hata mimi lilinipita. Alisikia "kama atakufa mimi sijui," basi, masikio yakaishia pale. Akajiambia kwamba mwenye mume mwenyewe, aliyetusimamisha mara ile na akawa kasema kweli, leo hajasema mzee anakufa. Kwa hiyo hafi. Hakujiuliza mwanamke huyu, ambaye ubatizo ule ungemtoa nyumbani kwake, anautafutia nini alfajiri na baridi yote ile.

"Uchaguzi unaanza saa nne," alisema. "Mgombea asiyekuwepo jina linafutwa. Nikishajieleza na kura zikapigwa nakuja mbio. Mke wangu huyu, Mama Aurelia, atatangulia na maji. Mzee akizidiwa, hata yeye anaweza kubatiza. Kila Mkristo anaweza."

"Baba Aurelia, ulimwahidi," nikasema.

"Nimeitwa mara mbili nikakuta mtu anadai supu!" Alinijibu kwa ukali, huku ananyoosha mkono apewe shati. Nikampa. Mama Ottilia alilitazama lile shati likitoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake, akafunga mdomo.

Nyumba ya Hyera iko mlima wa pili. Unashuka mpaka kijitoni, unavuka kwa gogo, halafu unapanda. Mama Ottilia, pamoja na umri wake, alinitangulia njia nzima bila kugeuka. Mimi nilikuwa nasema peke yangu moyoni, na mengi hayakuwa mazuri. Nilimsema Raimundi, nikamsema mzee asiyejua kuchagua siku, nikamsema hata huyu mama aliyeleta habari nusunusu. Tulipofika niliona furushi la kitenge limefungwa vizuri kando ya mlango. Nikadhani ni nguo za kumvalisha mzee akishafariki. Nikasema kumbe leo wamejiandaa.

Ndani hapakuwa na mzaha. Mzee amelala ubavu, macho yameingia ndani, na kila pumzi inatoka na sauti ya gunia linaloburutwa. Mganga wa zahanati alikuwa amepita jana yake, akamchoma sindano na kuacha dawa, akasema apelekwe hospitali Mbinga. Mzee akakataa, hatavushwa kwenye gogo kama mzigo. Mama Kunigunda alikuwa ameketi kitandani amemshika miguu, anaisugua ipate joto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imebaki kidogo tu. "Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Aliahidi."

"Ndiyo, baba. Lakini maji ninayo hapa. Nikubatize mimi?"

Alitikisa kichwa juu ya mto. "Nitamsubiri. Ana maswali yangu."

Sasa ningefanya nini? Mtu anajibu, ana akili zake, anamtaka katekista aliyemwahidi. Nikatoka nimpigie Raimundi. Simu kwa Hyera haishiki mpaka upande kwenye mwamba nyuma ya ghala la mahindi. Nikapanda, nikapiga, ikaita mpaka ikakatika. Nikarudi. Mzee akauliza, "Amefika?" Nikasema yuko njiani, nikamwomba Mungu anisamehe uongo. Nikapanda tena, nikapiga tena, ikaita, ikakatika. Kule chini niliona ukungu umejaa bondeni, na njia haina mtu.

Niliporudi mara hiyo hakuuliza kitu. Nilimwita, hakuitika. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Pumzi inakwenda, inasimama, sisi wanawake tunaangaliana, inakwenda tena. Nikatoka mbio kupanda mwambani mara nyingine, nikapiga huku nalia, na bado ikaita bure. Niliposhuka nilikuwa nimeamua.

Nikafungua chupa. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa nikimwaga atapona, niliogopa nisipomwaga atakufa, na zaidi ya yote nilikuwa na hasira na mume wangu, aliyeniachia kazi yake mimi akaenda kusimama mbele za watu na shati nililolinyoosha mwenyewe.

"Mimina," alisema Mama Ottilia.

"Subiri!" Mama Kunigunda aliuacha mguu wa mumewe akanishika mkono. Huyu ndiye mke mkubwa, ambaye sheria ingemwachia mume peke yake, na ndiye aliyenizuia. "Subiri kidogo, mwanangu. Akipona huyu, mdogo wangu atakwenda wapi? Tumelea watoto pamoja. Tumezika pamoja."

"Dada, mwache."

"Simwachi!"

"Mimina, mwanangu. Usimsikilize."

Mmoja ananivuta, mwingine ananisukuma, na pumzi ya mzee imesimama.

Huko kwenye mkutano nako kulikuwa na yake. Haya niliyasikia baadaye, na nimeyasikia mara nyingi maana watu wetu wanapenda kuyasimulia. Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la chama. Msimamizi wa uchaguzi alikusanya simu zote kwenye ndoo ya plastiki mlangoni, asije mtu akapigiwa akapewa maelekezo. Simu ya Raimundi ina mlio wa kengele ya kanisa. Ilianza kulia ndani ya ndoo mgombea wa kwanza akijieleza, na watu wakacheka, wakasema leo sala ya saa sita, Malaika wa Bwana, imewahi. Ikalia tena. Waliokaa naye benchi moja wanasema alikunja mikono, akaikunjua, akaikunja. Ilipolia mara nyingine hakucheka mtu, kwa sababu walishauona uso wake. Na hapo hapo jina lake likaitwa.

Akaenda mbele. Akasimama na shati lake jeupe mbele ya wanachama wote, hotuba nzima iko kichwani, na wengi wanasema kura alikuwa nazo. Akasema, "Ndugu zangu, Mzee Hyera ananisubiri. Nani ana pikipiki?"

Msimamizi akamwambia akitoka nje jina linafutwa. Akasema anajua. Wa kwanza kumrushia ufunguo alikuwa Rodrick, mpinzani wake mkubwa, na mpaka leo hatujui kama ule ulikuwa upendo au furaha.

Sisi tulichosikia ni pikipiki ikizimika kule chini kijitoni. Halafu miguu. Mzee alivuta pumzi moja kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa, na Raimundi akaingia. Shati lile lilikuwa tope kifua kizima, aliteleza kwenye gogo. Hakuniangalia. Alichukua chupa mkononi mwangu, akapiga magoti, akamsogezea mzee mdomo sikioni.

"Baba, nimekuja. Nimechelewa, nisamehe. Nakuuliza. Unamkataa Shetani?"

Sote tulikuwa tunatazama mkono wa mzee ndani ya mkono wa Raimundi. Kidole kikasogea.

"Unasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi? Unasadiki kwa Yesu Kristo Mwanae? Unasadiki kwa Roho Mtakatifu?" Aliuliza haraka haraka, sauti inakatika, na kila mara kidole kilisogea, kila mara kwa shida zaidi.

"Tobias," akasema, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji yalitiririka kwenye mvi zake yakalowesha mto aliolalia. Mama Kunigunda aliangua kilio. Mama Ottilia alipiga ishara ya msalaba, taratibu. Kisha tukapiga magoti kukizunguka kitanda, tukaanza rozari, tukangoja afe.

Hakufa.

Tulimaliza rozari, tukaanza litania, tukamaliza na hiyo. Jasho likamtoka mzee likalowesha shuka. Mama Ottilia akambadilishia shuka. Pumzi ikawa haiburuti tena, ikawa ya mtu aliyelala. Jua likaanza kuelekea upande wa ziwa. Mwisho jicho moja likafunguka.

"Katekista."

"Naam, baba."

"Hukuniuliza vizuri."

"Nilikuuliza, baba. Ulinijibu kwa kidole."

"Uliuliza mbio mbio. Uliza tena." Akameza mate. "Na uji uko wapi?"

Mama Kunigunda alicheka na kulia kwa pamoja. Raimundi akauliza tena yote, taratibu, na mzee akajibu yote kwa mdomo wake, namkataa, nasadiki, nasadiki, na yale mengine ya katekisimu ambayo wala hakuulizwa akayaongeza. Raimundi alipomaliza alinyanyuka akatoka nje bila kuaga mtu.

Nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, simu mkononi. Alikuwa ameshapanda mwambani. Rodrick ndiye mwenyekiti.

"Nimekosa kiti," aliniambia, "na nimebomoa nyumba ya mtu. Kwa siku moja. Kama ningekuja asubuhi ningekaa naye, ningemwangalia vizuri, ningejua hafi. Nimekuja na pupa ya mtu aliyechelewa."

Nilikuwa na jibu langu, nimeliandaa tangu kule mwambani, tena kali. Nikatazama lile tope kifuani, jibu nikalimeza.

Mama Ottilia akatoka ndani. Mkononi alikuwa na lile furushi la kando ya mlango.

"Katekista, hujabomoa kitu," alisema. "Hili nimelifunga alfajiri, kabla sijaja kwako."

Raimundi alisimama. Mimi ndipo nilipoelewa furushi lile halikuwa la maiti.

"Wewe ulidhani nakuita uje umbatize afe," alisema. "Mimi nilikuita umbatize, afe au aishi. Usiku kucha aliweweseka. Unajua alikuwa anasema nini? Majibu ya katekisimu. Jibu la kwanza, la pili, anakwenda, hakuna aliyemwuliza. Mume wangu miaka yote hii anakaa na watoto benchi la nyuma kwa sababu hakutaka kunirudisha kwetu. Na mimi nilikaa kimya nikamwacha akae. Mara ile ya pili nilikuzuia, nikasema pumzi yake ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, lakini sikukuzuia kwa ajili ya pumzi. Niliogopa nitalala wapi. Jana usiku nikaona aibu mbele za Mungu. Nikafunga nguo zangu."

"Mama," Raimundi alisema, "kwa nini hukuniambia hivyo asubuhi?"

"Ulikuwa unaangalia shati."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoumiza. Raimundi alirudi kukaa juu ya kinu. Mimi niliangalia chini, kwa sababu shati lile nililipiga pasi mimi.

"Utakwenda wapi, mama?" nikauliza.

"Kwa kaka yangu, karibu na Mbamba Bay. Nitaanika usipa, kazi yangu ninaikumbuka. Na nitakwenda kwa kasisi wetu aniambie nifanye nini ili nisogee tena Meza ya Bwana. Tangu nilipoolewa huku sijapiga magoti pale. Mimi pia nina benchi langu la nyuma, mwanangu, ila langu hamlioni."

Aliingia ndani kumwambia mumewe, na sisi hatukuingia. Lakini mzee ana masikio mazito, huwa anazungumza kwa sauti hata akiwa mgonjwa, tukasikia. Alisema, "Sikukuomba hivyo." Mama Ottilia akasema, "Najua. Ungeniomba nisingekwenda." Baada ya hapo tulimsikia mzee akilia, na sauti ya mwanaume mtu mzima akilia ni kitu ambacho siwezi kukieleza.

Asubuhi yake tulimsindikiza Mama Ottilia mpaka barabarani kungoja gari la Mbamba Bay. Raimundi alitaka kumbebea furushi, Mama Kunigunda akamnyang'anya, akalitwika kichwani mwake mwenyewe. Mke mkubwa alimbebea mke mdogo mzigo wa kuondokea, njia nzima, kwenye gogo na mlimani, hakukubali kupokewa. Gari lilipokuja walishikana mikono wakaangaliana, kisha Mama Kunigunda akasema, "Ukifika piga simu, mdogo wangu," kama vile anakwenda harusini na atarudi wiki ijayo.

Mimi nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia padri, nilimkasirikia Hyera kwa kuoa wawili, na Mungu naye nilimkasirikia, nikamwambia mwenyewe kwenye sala. Sikuficha. Mpaka sasa sala hiyo sijaimaliza vizuri. Ila nikimkumbuka yule mama na kitenge kilicholowa umande, akituambia twende, na sisi wawili watu wa kanisa, katekista na mkewe, tunapeana shati, basi hasira inapoa, inageuka kitu kingine ambacho kinanifanya niamke mapema.

Watu walimsifu sana Raimundi kwa kuacha uchaguzi. Padri alimsifu mbele ya halmashauri ya parokia. Kila akisifiwa anasema, "Nyamazeni, jamani," na anasema kweli, anataka wanyamaze. Kiti hajakigombea tena, wala hajasema hatakigombea. Lakini mtu akija kumwita sasa anatoka vile alivyo, hata na fulana.

Mzee alipopata nguvu padri alipanda kigangoni kwetu kusoma Misa na kumpa komunyo ya kwanza. Tobias alikuja na koti lake la kaki. Alipita katikati ya kanisa kwa fimbo yake, taratibu, mbele yetu wote, akapokea, akageuka. Tulikuwa tumemwachia nafasi benchi la mbele, kando ya Mama Kunigunda. Akaipita. Akarudi mpaka nyuma kwenye benchi lake, akakaa katikati ya watoto, akainamisha kichwa. Mama Kunigunda akanyanyuka, akamfuata, akakaa naye huko huko.

Raimundi alikuwa amesimama mbele na matangazo mkononi. Na mzee, kwa ile sauti yake ya mtu asiyesikia vizuri, akauliza, "Kunigunda, huko ziwani nao wameshapokea?"

"Wameshapokea," Mama Kunigunda alisema.

"Na yeye?"

"Na yeye. Alipiga simu jana, leo ndiyo anarudishwa kwenye Meza ya Bwana."

"Haya," akasema Tobias.

Raimundi aliinua matangazo ayasome, akayashusha. Akakunja karatasi. Alisimama pale mbele anatazama benchi la nyuma, na sisi kanisa zima tukakaa tukamsubiri.